Wiki Moja ya Milele

Kumiliki kitu ni jambo lisifiwalo katika kila lugha, na kukiacha kitu aghalabu huhesabiwa hasara au uvivu. Kwa hiyo watu hufundishwa tangu utoto namna ya kupata, na wachache mno hufundishwa namna ya kutoka katika kile walichokipata. Kwa mali nyingi upungufu huu wa elimu hauna madhara. Aliyenunua mbuzi aweza kumwuza, aliyenunua shamba aweza kuligawa, na aliyenunua saa aweza hata kuipoteza, naye akabaki salama. Lakini iko mali ya namna nyingine, ambayo mlango wake wa kuingilia ni mpana na umepambwa kwa maua na taa, na mlango wake wa kutokea hauonekani mpaka utafutwe kwa kupapasa ukuta. Mali hiyo ni umiliki wa zamu wa nyumba za mapumziko.

Biashara hii ilianza Ulaya katika miaka ya 1960. Kampuni mojawapo ya kwanza iliundwa Uswisi mwaka 1963. Wazo lenyewe lilikuwa la akiba njema. Nyumba ya pwani au ya mlimani hukaa tupu sehemu kubwa ya mwaka. Basi badala ya mtu mmoja kubeba gharama yote, watu 50 hununua nyumba moja, na kila mmoja akapata wiki yake ya kukaa humo. Mnunuzi hutoa bei mara moja, na baada ya hapo hutoa ada ya matunzo kila mwaka, aende asiende. Katika kifungu hiki cha mwisho ndimo ulimolala mgogoro wote. Bei ya kununua ina mwisho. Ada haina mwisho, na yule aipangaye si yule ailipaye.

Mtu aweza kudhani kwamba habari kama hii haiwezi kufika Mlali. Mlali iko chini ya Milima ya Uluguru, upande wa magharibi, katika wilaya ya Mvomero, mbele ya Mzumbe, katika njia ipandayo Mgeta. Malori ya kabichi, karoti, njegere na viazi hupita hapo yakiteremka kwenda Morogoro na Dar es Salaam, na wenyeji wenyewe huongeza matenga ya nyanya zilimwazo kwa maji ya mifereji. Mazungumzo ya mahali hapo ni bei ya tenga, hila za madalali, na zamu ya maji. Walakini ulimwengu una njia nyingi, na mojawapo ya njia hizo ilipita katika hospitali za Uingereza.

Mwanamke mmoja mzaliwa wa Mlali, muuguzi kwa kazi yake, alikwenda huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati hospitali za Uingereza zilipokuwa zikiajiri wauguzi kutoka nchi nyingi. Nyumbani watu humwita Sista, kama waitwavyo wauguzi wengi. Alifanya kazi mchana na usiku, akasomesha wadogo zake, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma kwao, na mwaka 2003 akajipa likizo ya siku 7 katika kisiwa cha Tenerife, kilicho mali ya Hispania katika bahari ya Atlantiki. Huko, kijana mmoja mcheshi alimpa kadi ya kukwangua njiani, na kadi ikasema ameshinda zawadi. Zawadi ilipaswa kuchukuliwa katika hoteli fulani baada ya mazungumzo mafupi. Mazungumzo hayo mafupi yalichukua saa 5. Jioni Sista alitoka na chupa ya divai, ambayo hakuinywa kwa kuwa hanywi, na mkataba wa kurasa 23 ambao hakuusoma kwa kuwa alikuwa amechoka. Alikuwa ametoa arubuni ya pauni 900 kwa kadi ya benki. Pauni 7,600 zilizobaki alizilipa kidogo kidogo katika muda wa miaka 4.

Si haki kumwita mjinga. Kilichomponza, kama alivyokuja kueleza baadaye, ni neno moja, nalo ni neno la kwao. Mwuzaji alipoeleza kwamba kila mwenye hisa ana wiki yake, na wiki ya mwenzake haigusi, Sista aliona mbele ya macho yake mfereji wa maji wa Mlali. Tangu utoto alijua kwamba maji ya mfereji ni ya wote, na kwamba kila shamba lina siku yake. Alijua mtu aamkaye alfajiri na jembe begani kwenda kufungua maji yake, na jioni akayafunga ili mwingine afungue. Alijua ugomvi utokao hapo, na pia usuluhishi wake. Kwa hiyo jambo aliloelezwa halikuwa geni kwake. Ilikuwa ni zamu, na zamu ni haki. Hakuuliza kama katika kisiwa kile mtu aliyechoka kulima aweza kusema, “Siku yangu mpeni fulani,” kama isemwavyo Mlali. Aliona ni dhahiri kwamba aweza.

Alirudi Tenerife mara 3 tu. Mara ya nne aliambiwa kwamba wiki yake imebadilishwa kuwa wiki ielekayo popote, maana yake ni wiki isiyopatikana mahali alipotaka wala wakati alipotaka. Ada iliyokuwa pauni 290 kwa mwaka ikafika 400, kisha 600, kisha 870. Mwaka 2019 alistaafu akarudi nyumbani, na hati ya madai ikamfuata kila Desemba, kwanza kwa barua pepe, kisha kwa sanduku la posta. Alilipa. Alilipa kwa siri, kutoka katika akiba yake, akauficha mkataba katika mkebe wa biskuti chini ya kanga za marehemu mama yake.

Siri hii yahitaji kuelezwa, maana ndiyo iliyomgharimu zaidi kuliko ada. Mtu aliyekwenda Ulaya akarudi hawi mtu wa kawaida tena machoni pa jamaa zake. Huombwa ushauri juu ya kiwanja, ndoa na shule, na hudhaniwa kwamba ameona mitego yote ya dunia na kuipita. Kusema mbele yao kwamba alinaswa kwa kadi ya kukwangua ni sawa na kuvua cheo hadharani. Wako wengi walio hivyo, Dar es Salaam na Nairobi na London, ambao hulipa kila mwaka bei ya kunyamaza na kuiita ada ya matunzo. Makampuni yajua hivyo. Hesabu za biashara hii zisingesimama lau wanunuzi wangalikuwa wepesi wa kusimulia.

Kilichomfungua Sista kinywa ni ada nyingine. Mdogo wake ana binti ambaye mwaka 2024 alikuwa akisoma sheria katika Chuo Kikuu Mzumbe, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Baba wa binti alikuwa amefariki, na mkopo wake wa masomo haukutosha. Sista alikuwa ameahidi kujazia, na Desemba ya mwaka huo fedha zake zilitosha jambo moja kati ya mawili: kisiwa au mwana. Siku 3 alikaa na hati ile mezani. Siku ya nne alimwita binti, akampa mkebe.

“Shikamoo, Mama Mkubwa. Hii ni nini?”

“Marahaba, mwanangu. Ni jambo langu la aibu. Lisome, kisha uniambie linatokaje.”

Binti alisoma usiku kucha. Katika ukurasa wa 17 alikuta kwamba haki na wajibu wa mnunuzi ni wa milele, na kwamba utawahusu warithi wake na wasimamizi wa mirathi yake. Sista hakuzaa. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mtoto wa dada ndiye wa ukoo hasa. Binti alitazama tarehe ya mkataba, akaona ni mwaka aliozaliwa yeye.

Hapo pana tofauti kubwa kati ya milima miwili, ule wa Ulaya ulikozaliwa umiliki wa zamu na huu wa Uluguru, na ni vema kuitazama polepole. Kwa desturi ya Waluguru ardhi ilikuwa ya ukoo, na mtu hakuwa nayo ila kwa kuitumia. Mwanamume aweza kulima ardhi ya ukoo wa mkewe. Watoto waweza kulima ardhi ya ukoo wa baba yao. Mgeni aweza kulima ardhi ya ukoo usio wake, naye zamani alimpelekea mkuu wa ukoo malipo yaliyoitwa ngoto, yawe kuku au pombe au fedha kidogo, ili ijulikane kwamba ardhi ina mwenyewe. Hakika ngoto nayo ilikuwa ada ya kila mwaka. Lakini mwenye kulipa ngoto akihama, ngoto hukoma. Akifa, ardhi hurudi ukooni. Kurudi huko hakukuwa ajali wala fedheha. Ulikuwa mpango wenyewe. Tena ukoo ulifurahi kupokea, kwa sababu vijana wa kuilima ardhi hiyo walikuwa wakingoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, nayo haikuisahau njia hiyo: mwenye haki ya kimila ya kutumia ardhi aweza kuirejesha kwa kijiji, na sheria ikaongeza kwamba kurejesha huko hakutakuwa halali kama kunakusudiwa kumnyima mwanamke haki yake. Waliotunga kifungu hicho walijua kwamba mlango wa kutokea nao waweza kutumiwa kwa hila, wakauwekea bawabu badala ya kuuziba.

Waluguru wana kumbukumbu nyingine ya kutoka katika jambo wasilolitia sahihi. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi katika milima yao ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi ilikuwa nzito, na katika sehemu nyingi udongo wenye rutuba ulifukiwa na ule usiofaa ukaja juu. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi ya polisi, na haukupita muda mpango ukaachwa. Huko Mgeta matuta yaliendelea mahali mboga zilipolipa jasho lake. Lakini ghasia ni njia ya watu wengi walio mahali pamoja. Wenye wiki za Tenerife hawajuani, hawakai mlima mmoja, na kila mmoja hudhani yu peke yake.

Baada ya kusoma, binti alisema kwamba jambo hili haliwezi kuwa la watu wawili. Likapelekwa kwa mjomba wa Sista, mzee wa miaka 80 na zaidi, mkubwa wa ukoo. Sista alisimulia yote, akiitazama mikono yake. Mzee alisikiliza bila kukatiza, na alipomaliza hakumlaumu wala hakumcheka. Aliuliza neno moja:

“Mwanangu, ukirudisha, nani anapokea?”

Sista hakujua. Binti naye hakujua, ijapokuwa alikuwa amesoma kurasa 23. Jina lililokuwa juu ya mkataba halikuwa jina lililokuwa juu ya hati za madai, na jina la kwenye hati za madai lilikuwa limebadilika mara 2 tangu mwaka 2003. Fedha zilikuwa zikienda katika benki ya nchi ya tatu. Muda wa miaka 21 Sista alikuwa akilipa ngoto asijue mkuu wa ukoo ni nani.

Swali la mzee liligeuka kuwa jambo la kwanza katika mpango, na wanasheria waliobobea wasingeanza mahali pengine. Septemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mnunuzi atakaye kutumia upendeleo wa mlaji wa kuchagua mahakama hana budi kumshtaki yule hasa aliyefunga naye mkataba, si kampuni nyingine ya kundi hilo hilo. Na kwamba hawezi kujichagulia sheria ya nchi fulani kwa sababu tu ni nyepesi kwake. Binti alikaa wiki 2 akitafuta katika daftari za makampuni, ambazo Uingereza huziacha wazi kwa kila mtu kuzisoma kwa intaneti, mpaka akapata uzi wa majina yale yote na mahali unapoishia sasa.

Kisha ikafuata kazi ya kupapasa ukuta. Mlango wa kwanza ulikuwa kuuza. Matangazo ya wiki za kuuzwa ni mengi, na bei ziombwazo ni ndogo kuliko ada ya mwaka mmoja. Zingine hutolewa bure na hakuna apokeaye. Kitu kisichochukuliwa hata bure hakiitwi mali kwa maana ya kawaida ya neno hilo, na hapo Sista alilia kwa mara ya kwanza, maana mpaka siku hiyo alikuwa bado akihesabu pauni 8,500 zake kama akiba iliyolala.

Mlango wa pili ulikuwa wa benki. Sheria ya Mikopo ya Walaji ya Uingereza ya mwaka 1974, katika kifungu cha 75, humfanya mtoa mkopo awajibike pamoja na mwuzaji, ikiwa kitu kilichonunuliwa kina bei iliyo zaidi ya pauni 100 na isiyozidi 30,000. Arubuni ya Sista ililipwa kwa kadi ya mkopo. Ila madai ya mkataba katika Uingereza kwa kawaida hufa baada ya miaka 6, na miaka 6 ilikuwa imepita zamani, Sista akiwa bado wodini usiku.

Mlango wa tatu ulikuwa wa Hispania, nao ulikuwa na mwanga. Sheria ya nchi hiyo Na. 42 ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika Januari 1999, ilisema kwamba mkataba wa namna hii usipungue miaka 3 wala usizidi 50. Ilimpa mnunuzi siku 10 za kughairi bila kutoa sababu, na ikakataza mwuzaji asipokee hata senti moja katika siku hizo. Aliyetozwa kabla ya muda aweza kudai mara mbili ya alichotozwa. Januari 2015 mahakama ya juu kabisa ya Hispania ilitamka kwamba mkataba uliofanywa chini ya sheria hiyo bila kikomo cha miaka ni batili. Mkataba wa Sista ulifanywa huko mwaka 2003, ulisema milele, na arubuni ilichukuliwa siku ile ile. Juu ya karatasi, jambo lilikuwa limekwisha. Lakini karatasi haina miguu. Yuko Mlali, mahakama iko Tenerife, mawakili wa huko hutaka fedha mbele, na uamuzi wa mwaka 2023 ulionya kwamba mtu aliyekuwa akikaa Uingereza alipotia sahihi aweza kuambiwa kwamba sheria yake ni ya Uingereza. Binti alikuwa tayari kupigana, kama wawavyo wanafunzi wa sheria. Sista alimkumbusha kwamba mwenye kupigana ni yeye mwenye miaka 66 na shinikizo la damu.

Wakati huo huo ukafunguka mlango wa nne, wenyewe bila kugongwa. Mtu alipiga simu kutoka nje, akamwita Sista kwa jina lake kamili, akataja na namba ya mkataba wake. Alisema amepata mnunuzi. Alitaka pauni 1,200 tu za kodi na hati, zitumwe kabla ya Ijumaa. Sauti yake ilikuwa ya upole kama ya yule kijana wa mwaka 2003, na yamkini ndiyo iliyomwokoa Sista, maana aliitambua. Ni lazima kusema wazi juu ya watu hawa, kwa kuwa wengi waliojaribu kutoka waliumizwa nao kuliko walivyoumizwa na waliowaingiza. Huishi kwa uchovu wa wanaotaka kutoka. Huko Meksiko ulaghai wa aina hii umekuwa kazi ya majambazi wakubwa wa dawa za kulevya. Mwaka 2023 wizara ya fedha ya Marekani iliyawekea vikwazo makampuni kadhaa ya Puerto Vallarta yaliyohusishwa na kundi moja la namna hiyo, ambalo lilikuwa likiwatoza wazee ada za kuuziwa wiki ambazo hazikuuzwa kamwe. Kanuni ambayo binti aliiandika kwa kalamu nyekundu na kuibandika ukutani juu ya simu ilikuwa fupi: hakuna kulipa kabla.

Mlango wa tano ulikuwa kuacha kulipa, basi. Wako waliofanya hivyo, na kampuni baada ya barua nyingi za ukali ikaichukua wiki yenyewe na kunyamaza. Wako waliopelekwa mahakamani. Mzee aliupenda mlango huu mwanzoni, kwani aliona umbali wa bahari ni boma la kutosha. Sista aliukataa, wala si kwa woga. Alisema kwamba akifa na deni lisilofungwa, nyumba ya matofali itasimama mbele ya hakimu kabla haijasimama mbele ya warithi. Katika hili alisema kweli kuliko alivyojua. Katika Tanzania, kama Uingereza, deni la marehemu hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha. Mrithi hadaiwi kuliko alichokipokea, tena aweza kukikataa asichokitaka. Kwa hiyo binti hangerithi milele ile kwa lazima, hata kama ukurasa wa 17 ulimtishia. Ila nyumba ni mali iliyoachwa, na deni likikua miaka 10 bila kujibiwa laweza kuwa na meno.

Ukabaki mlango wa sita, ambao ndio wa kurudisha kwa hiari. Makampuni mengine huwapokelea wiki wamiliki wazee au wagonjwa, ama bure ama kwa malipo, ingawa hayapendi kulitangaza jambo hilo. Mpango ukaandikwa katika daftari la shule. Barua iende kwa kampuni ile ile iliyopatikana mwisho wa uzi, kwa jina lake la sasa na majina yake yote ya zamani. Iseme umri wa Sista, maradhi yake kwa cheti cha daktari, na mahali anapokaa. Itaje, bila kutukana, sheria ya 1998 na uamuzi wa 2015, ili apokeaye ajue kwamba anayeandika anajua. Iombe hati ya kuachiwa yenye jina la mwenye kupokea. Isiahidi fedha yoyote. Na katika wosia wa Sista kiongezwe kifungu kwamba wiki ya Tenerife hairithishwi kwa mtu yeyote. Mzee alitaka pia iandikwe kwamba ukoo unashukuru, kwa kuwa hapana mtu arudishaye kitu bila kushukuru. Binti alipinga, Sista aliamua iandikwe. Ndiyo sentensi pekee katika barua ile ambayo wakili yeyote angaliifuta, na ndiyo iliyo nzuri.

Jibu lilikuja baada ya wiki 7. Kampuni ilisema inasikitika kwa ugonjwa wake, na iko tayari kuipokea wiki hiyo akilipa kwanza ada ya mwaka huo pauni 870, na pauni 950 nyingine za kufungia hesabu, katika muda wa siku 30.

“Ngoto ya kuondokea,” mzee alisema. “Hii sijapata kuisikia.”

Walibishana siku 2. Binti alitaka wasilipe kitu, kwa kuwa mkataba batili hauzai ada. Sista alitaka kulipa yote na kulala. Alikuwa tayari kuuza ng'ombe wake 2, na alisema kwamba usingizi nao una bei. Mtu aweza kumwelewa. Bali binti alikuwa na haki zaidi, maana mtu aliyenunua kwa kuchoka asiachwe auze kwa kuchoka. Mwisho walikubaliana juu ya barua ya pili. Sista hatatoa pauni 950, kwa kuwa hazimo katika mkataba. Juu ya ada ya mwaka, atatoa nusu yake, siku ile tu atakapokuwa na hati ya kuachiwa mkononi, imetiwa sahihi, ina jina la apokeaye, na inasema kwamba hakuna deni juu yake wala juu ya warithi wake. Mzee aliomba asomewe tena sehemu ile yenye jina la apokeaye. Aliposikia kwamba imo, alitikisa kichwa kukubali, akaenda kuangalia maji, maana ilikuwa siku ya shamba lake.

Barua ilipelekwa Morogoro kwa basi la asubuhi, ikatumwa kwa rejista. Stakabadhi iliwekwa katika mkebe wa biskuti, ambao sasa hukaa juu ya kabati. Kutoka posta Sista na binti walikwenda benki, wakalipa ada ya Mzumbe kwa muhula uliokuwa unaanza.